Ndengu, Pojo, Choroko: Nani Aliamua Jina Halisi?

Gunia la ndengu likitoka Kabati, kule Kitui Magharibi, hubadilisha jina njiani. Likifika Mombasa linakuwa gunia la pojo. Likivuka mpaka hadi Tanga au Dar es Salaam, ni choroko. Punje ni zile zile, na hata vijiwe vidogo utakavyochambua jioni kabla ya kuinjika sufuria ni vile vile. Binadamu hatupati taabu na jambo hili. Ukimwambia Mswahili wa Mvita una ndengu, atacheka kidogo, atasema "aa, pojo hizo," na biashara itaendelea.

Mashine ndiyo ilipata taabu. Kwa miaka mingi ya mwanzo ya wavuti, kompyuta zilishindwa kujua kwamba vitu viwili vyenye anwani mbili vinaweza kuwa kitu kimoja. Na suluhisho lilipopatikana, lilikuwa mstari mmoja tu wa maandishi ambao mnunuzi haoni. Nataka kusimulia historia ya mstari huo, kwa sababu sisi tunaouza vitu kutoka miji midogo tunaishi ndani yake bila kujua, na kwa sababu lugha hii ninayoandika ilipitia jambo lile lile miaka 80 kabla.

Tuanze na Kabati yenyewe. Ukiandika "kabati" kwenye kisanduku cha kutafuta cha duka la mtandaoni, utaletewa makabati ya nguo, ya vyombo, ya bafuni. Ukiandika kwenye ramani, mambo yanazidi. Kuna Kabati yetu, kwenye barabara inayotoka Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui kuelekea Migwani. Kuna Kabati ya Murang'a, karibu na Kenol. Kuna mtaa wa Kabati mjini Naivasha. Jina moja, mahali patatu, na samani juu yake. Kiswahili kina dawa yake: kabati la nguo *limejaa*, lakini Kabati ya Kitui *imejaa* siku ya soko. Ngeli inakuambia unazungumziwa mji au fanicha. Kompyuta haina ngeli. Ina anwani tu.

Na anwani za wavuti zilianza vizuri. Tim Berners-Lee alipokuwa akiujenga wavuti kule CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazo lilikuwa kwamba kila waraka uwe na anwani yake. Lakini tangu siku hizo za mwanzo kulikuwa na alama moja ndogo iliyobeba mbegu ya fujo: alama ya kuuliza. Ukitaka kutafuta ndani ya faharasa, uliweka alama ya kuuliza mwishoni mwa anwani, kisha maneno yako. Kufikia Desemba 1994, waraka wa kwanza rasmi wa kanuni za anwani hizo, RFC 1738, ulipotoka, alama hiyo ilikuwa imepewa kazi yake: kilicho kabla yake ni mahali, kilicho baada yake ni swali.

Katikati hapo, mwaka 1993, kituo cha NCSA cha Marekani, kile kilichotengeneza kivinjari cha Mosaic, kilikuja na utaratibu wa kuiwezesha seva kuendesha programu na kutunga ukurasa papo hapo. Hebu fikiria maana yake. Zamani ukurasa ulikuwa faili, mtu ameuandika akauweka mahali. Sasa ukurasa unazaliwa pale unapouliza. Na kila swali ni anwani mpya. Ukienda *duka.example/tafuta?q=ndengu* unapata orodha. Ukienda *duka.example/tafuta?q=ndengu&panga=bei* unapata orodha ile ile, imepangwa tu kutoka bei ya chini. Vipande hivyo baada ya alama ya kuuliza, kila kimoja na jina lake na thamani yake, ndivyo vinavyoitwa parameta.

Kisha maduka yakaja, na kila duka likataka kumkumbuka mteja. Mwaka 1994 Lou Montulli, wa kampuni ya Netscape, alibuni vidakuzi ili kivinjari kiweze kubeba kumbukumbu ndogo, mathalani ya vitu ulivyoweka kwenye kikapu cha ununuzi. Lakini si kila kivinjari kilivikubali, na si kila mtu aliviruhusu. Wajenzi wa maduka wakatafuta njia ya mkato: wakaweka namba ya mteja kwenye anwani. Yaani kila aliyeingia dukani alipewa mlango wake mwenyewe, na roboti ya injini ya kutafuta ikija mara 10 iliona maduka 10.

Hesabu yake inatisha kidogo. Chukua duka la mikunde lenye vichujio 4 tu: ukubwa wa mfuko, tuseme aina 5; kaunti ya muuzaji, 47; namna ya kupanga orodha, 4; na kuletewa au kujichukulia, 2. Zidisha: 5 mara 47 mara 4 mara 2 ni 1,880. Hizo ni kurasa 1,880 za ndengu zile zile. Lakini si mwisho. Parameta 4 zinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote kwenye anwani, na mipangilio ya vitu 4 ni 24. Tumefika 45,120. Sasa mteja mmoja aandike ndengu, mwingine pojo, mwingine choroko, na duka liwe na akili ya kuwaletea wote bidhaa ile ile: anwani 135,360. Gunia ni moja, liko Kabati, limeegemea ukuta.

Mbona hili liwe tatizo? Kwanza, roboti za kutambaa wavuti hazina muda usio na mwisho. Zikipoteza siku kwenye vivuli 135,360 vya orodha moja, huenda zisifike kwenye ukurasa mpya uliouweka jana. Pili, injini kama Google, iliyoanza 1998, ilipima uzito wa ukurasa kwa kuangalia ni nani wanauelekezea viungo. Watu 30 wakishiriki ukurasa wako kupitia anwani 30 tofauti, basi kila anwani ina shahidi mmoja. Kesi unayo, mashahidi unao, lakini kila mmoja amepelekwa mahakama yake.

Wataalamu walilijua hili mapema. Mwaka 1997 Andrei Broder na wenzake, waliokuwa kampuni ya Digital iliyomiliki injini ya AltaVista, walichapisha mbinu ya kukata kila waraka vipande vidogo vya maneno yanayofuatana, kisha kulinganisha vipande ili kujua nyaraka zipi zinafanana. Ni mbinu nzuri na ilizaa nyingine nyingi. Lakini inaweza kukuambia tu kwamba hizi mbili ni mapacha. Haiwezi kukuambia yupi ndiye kulwa na yupi doto.

Wenye tovuti nao walikuwa na zana zao. Kulikuwa na faili ya robots.txt, iliyopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ya kuzizuia roboti kuingia sehemu fulani. Kulikuwa na kumhamisha mgeni moja kwa moja kutoka anwani moja hadi nyingine. Zote mbili zilikuwa panga pale ulipohitaji wembe. Ukizuia orodha iliyopangwa kwa bei, roboti haiioni kabisa, pamoja na viungo vyote vinavyoielekea. Ukimhamisha mgeni, mteja aliyetaka kuona bei ya chini kwanza anarudishwa mwanzo, ananuna, anaondoka.

Ndipo ikaja tarehe 12 Februari 2009. Siku hiyo Google, Yahoo na Microsoft, kampuni ambazo hazikuwa na mazoea ya kukubaliana, zilitangaza pamoja kwamba zitaheshimu mstari mmoja mpya. Unauweka kwenye kichwa cha ukurasa, mahali ambapo mgeni haoni, ukiwa na maneno rel="canonical" na anwani moja. Maana yake: "Mimi ni nakala. Mwenyewe hasa yuko kule." Mfano ambao Google walitumia siku ile ulikuwa wa duka linalouza peremende zinazoitwa Swedish fish. Ukurasa wa peremende ulikuwa na anwani kadhaa, nyingine zina namba ya mgeni, nyingine zina alama za kufuatilia alikotoka, na zote zikaambiwa zimtaje mkubwa wao. Mteja hakuhamishwa popote. Orodha iliendelea kufunguka. Roboti tu ndiyo iliyonong'onezwa.

Sisi Kenya mwaka huo tulikuwa na habari nyingine kubwa. Kebo ya TEAMS ilifika ufukweni Mombasa Juni 2009, na ile ya SEACOM ikaanza kazi Julai. Hadi hapo tulikuwa tunanunua intaneti ya setilaiti, polepole na ghali. M-Pesa ilikuwa na miaka 2. Maduka makubwa ya mtandaoni yalikuwa hayajaja: Jumia ilizaliwa Lagos mwaka 2012 na kufika Kenya mwaka uliofuata. Kwa hiyo tulipoanza kuuza vitu mtandaoni kwa wingi, sheria ya jina moja ilikuwa tayari imeandikwa. Tuliingia nyumba tukakuta samani zimeshapangwa.

Mwaka 2012 mstari huo ulipata waraka wake rasmi, RFC 6596. Na mimi kila nikiuandika kwenye kurasa za watu, huwa naona neno lake si geni hata kidogo. Wagiriki wa kale walikuwa na *kanon*, fimbo nyoofu ya kupimia. Kanisa likalichukua kwa vitabu na sheria zake zilizokubaliwa, na kutoka hapo likaingia lugha za Ulaya. Waarabu nao walilichukua kutoka Kigiriki wakasema *qanun*. Sisi tukalipata kwa Waarabu: kanuni. Kumbe hilo neno la wahandisi wa Kalifornia ni ndugu wa damu wa neno ulilolisoma darasa la 4. Kwa hiyo naiita lebo ya kanuni, na sioni haja ya kuomba radhi.

Na Kiswahili kiliwekewa lebo ya kanuni zamani. Serikali za kikoloni za Waingereza zilikuwa na tatizo ambalo duka lolote la mtandaoni lingelitambua: lugha moja, anwani nyingi. Vitabu vya shule vya Mombasa havikulingana na vya Unguja. Mwaka 1925 mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam ulianza kulishughulikia. Mwaka 1928 mkutano mwingine, Mombasa, na Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, akihudhuria, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kitabu cha shule kilihitaji idhini yake. Mwaka 1939 ikatoka kamusi iliyosimamiwa na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson.

Angalia mji ulioandaa mkutano, kisha angalia lahaja iliyoshindwa. Kimvita, lugha ya mashairi kwa karne, kilikaa mezani kwake kikaambiwa kimekuwa nakala. Anayesema *ndia* alielekezwa kwenye *njia*. Anayesema *nti* alielekezwa kwenye *nchi*. Anayesema *mato* alielekezwa kwenye *macho*. Na anayemwita mtoto wake akisema *ndoo* sasa anasikika, kwa mtu wa bara, kama anayeomba kitu cha kuchotea maji.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa bure. Bila jina moja la kuelekea, mimi wa Ukambani, ninayekula nthooko na nzuu nyumbani, nisingeweza kukuandikia wewe wa Kisumu au Mwanza kuhusu kunde na mbaazi tukaelewana. Lakini kuna jambo ambalo historia hizi mbili zinafundisha kwa pamoja. Kanuni haifuti nakala. Kimvita hakikufa 1930. Nenda Mji wa Kale leo ukisikie. Ukurasa wenye lebo inayoelekea kwingine nao haufi. Ukiwa na anwani yake utafunguka. Kilichobadilika ni kwamba anayetafuta haletewi tena. Kupoteza sauti na kupoteza nafasi ya kupatikana ni vitu viwili, lakini kwa mtu anayeuza, au anayetunga, vinauma mahali pale pale.

Basi swali ni: nani anachagua? Kwenye lugha ilichagua kamati. Kwenye wavuti, kwa maandishi, unachagua wewe mwenye ukurasa. Lakini tangu siku ya kwanza, 2009, Google walisema wazi kwamba lebo ni kidokezo chenye nguvu, si amri. Injini inasoma ulichoandika, inaangalia viungo, inaangalia nani mwingine ana maandishi kama yako, kisha inaamua. Mwishoni mwa mwaka ule ule ikakubali pia lebo inayoelekea tovuti nyingine kabisa, si ukurasa mwingine wa tovuti yako tu.

Hapo ndipo mambo yanafika Kabati. Mavuno ya ndengu za mvua za vuli huingia kati ya Januari na Februari. Mtu ana magunia yake ya kilo 90. Anajifungulia tovuti ndogo, anaandika maelezo mazuri kwa mkono wake: zimekaushwa wapi, zimepepetwa vipi, zinapikwa na nini. Kisha, kwa kuwa wanunuzi wako kwenye soko kubwa la mtandaoni, anayanakili maelezo yale yale huko. Sasa kuna kurasa mbili zenye maneno sawa. Moja iko kwenye tovuti inayotembelewa na watu 4 kwa siku, nyingine kwenye tovuti inayojulikana nchi nzima. Nakala itaonekana kuwa mwenyewe, na mwenyewe ataonekana kuwa nakala. Hakuna aliyeiba. Mashine imepima tu, na mizani yake inajua uzito wa viungo, haijui jasho la nani.

Nimeona pia jinsi watu wanavyojifungia nje wenyewe. Kuna wajenzi wa tovuti wanaoweka lebo ya kila ukurasa ielekee ukurasa wa kwanza wa duka. Hapo umeiambia injini kwamba viatu, ndengu na asali ni kitu kimoja, nayo ama itapuuza au, vibaya zaidi, itakuamini. Kuna wanaoelekeza ukurasa wa 2 wa orodha kwenye ukurasa wa 1, ilhali bidhaa za ukurasa wa 2 hazimo kwenye wa 1. Kuna wanaoziba orodha kwa robots.txt na papo hapo kuiwekea lebo. Roboti iliyokatazwa kuingia haiwezi kusoma kilichoandikwa ndani. Ni sawa na kubandika tangazo ukutani mwa chumba ulichokifunga kwa kufuli.

Google wenyewe walijaribu kusaidia. Mwaka huo huo wa 2009 walitoa zana ya kuwaruhusu wenye tovuti waeleze kila parameta inafanya nini: hii hupanga, hii huchuja, hii ni ya kufuatilia tu. Aprili 2022 wakaifunga. Walisema ni takriban asilimia 1 tu ya mipangilio iliyowekwa na watu ndiyo iliyokuwa na faida, na kwamba mashine zao zimejifunza kubashiri zenyewe. Labda kweli. Lakini ona mwelekeo: kila miaka inavyosonga, uamuzi wa jina halisi unatoka mikononi mwa mwenye kitu.

Ndiyo maana, kwa yeyote anayeuza kitu kutoka mji kama wetu, ushauri wangu ni mfupi. Kurasa za kutafuta za ndani ya duka, zile zenye alama ya kuuliza na neno la mteja, zisiwe kurasa za kuonyesha dunia. Google walikuwa wakiwaomba wenye tovuti waziweke kando tangu 2007. Badala yake tengeneza ukurasa mmoja wa kudumu, wenye anwani safi: *duka.example/ndengu*. Kila orodha iliyopangwa au kuchujwa tu ielekee huko. Ukurasa huo ujitaje wenyewe kuwa ndio mkuu. Na ukiuza kwenye soko kubwa, andika maelezo mengine kule, mafupi. Yale mazuri yabaki kwako.

Kisha, ndani ya ukurasa huo mmoja, yaandike majina yote matatu. Andika kwamba wa pwani huziita pojo na wa Tanzania huziita choroko. Anwani inaweza kubeba jina moja tu, na mimi nimechagua la Kabati kwa sababu ndiko zilikopandwa. Lakini maandishi yana nafasi. Kamati ya 1930 ilikuwa na kamusi ya karatasi, na karatasi ina mwisho. Ukurasa wako una nafasi ya kusema *njia* na kuongeza, mstari unaofuata, kwamba kuna watu wanaosema *ndia* na wanafika.